Ukungu Kwenye Kioo cha Mbele

Kwa kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, na natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua na hilo lori lako linakutii kuliko lilivyokutii mwezi uliopita. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako hajambo, anakusalimu. Wanao nao hawajambo. Yule mdogo ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha pengo kila anayepita, apende asipende. Baba kwa upande wa mwili ni mzima. Anakula vizuri, anatembea mpaka getini na kurudi, na bado anamsema kila dereva anayepita na gari lenye mkwaruzo.

Najua umechoka kungoja jibu. Uliniuliza jambo moja tu: kama Baba bado ana kinyongo na wewe, kwa kuwa umeomba likizo na unataka kujua ukibisha hodi utafunguliwa au utafukuzwa kama siku ile. Ningeweza kukupigia simu, lakini unanijua mimi na simu, nasema ndiyo, ndiyo, kisha nakata. Jibu fupi ni kwamba Baba hana kinyongo, njoo. Jibu refu ndilo lililonikalisha na kalamu, na nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Nianze na hali yake. Mara ya mwisho nilikueleza kwamba anasahau alipoweka miwani. Sasa si miwani tena. Akili yake inaingia na kutoka kama mtu aliyesahau kitu ndani ya nyumba. Anaamka na kuuliza kama kompresa imezimwa, wakati gereji yake ya kupaka rangi magari tuliiuza zamani na mahali pake wanauza magodoro. Kuna siku ananiita kwa jina la kaka yake, kuna siku haniiti kabisa. Kilichotusumbua zaidi ni kucha zake. Alianza kukwangua kuta. Alisema fundi aliyepaka sebule yetu alipiga vibaya puti ya kulainisha ukuta na rangi haijashika, na siwezi kukudanganya, alikuwa anasema kweli, lakini alikwangua mpaka pakatokea kiraka chenye upana wa sinia. Shemeji yako akasogeza kabati kukifunika. Baba akahamia kwenye mlango.

Daktari alituambia kwamba mikono iliyofanya kazi maisha yote haiwezi kuambiwa ikae tu, tuitafutie kazi ndogo. Ndipo nilipokumbuka vigari vya plastiki.

Wewe unavikumbuka kuliko mimi. Siku za mapumziko, meza ya jikoni, Mama analalamika apike wapi, na Baba anatugawia kila mmoja fremu yake ya plastiki yenye vipande vya gari vya kukata na kuunganisha. Mtu aliyeshinda wiki nzima akipuliza rangi magari ya watu alikuwa anapumzika kwa kupuliza rangi gari la kukaa kiganjani. Wewe ulikuwa umeshabandika magurudumu kabla rangi ya bodi haijakauka, na mimi nilikuwa bado napiga msasa bampa. Ndizo siku alizotupa majina, wewe Chapuchapu, ikafupishwa ikawa Chapu, mimi Taratibu, na yale mengine tuliyopewa tulipozaliwa yakabaki kwenye vyeti.

Na vigari vyako vilikuwa na alama moja ambayo hata kipofu angeijua. Vioo vilikuwa na ukungu. Baba alitwambia mara ngapi kwamba supagluu inatoa mvuke, na mvuke huo ukigusa plastiki angavu unaganda mweupe na hautoki tena? Kioo hubandikwa kwa gundi nyeupe, ile ya karatasi, ambayo inataka nusu siku kukauka. Wewe nusu siku hiyo hukuwa nayo. Alikuwa akikiinua kigari chako kwenye mwanga na kusema dereva wa gari hili siku zote anaendesha kwenye mvua. Nilikuwa nacheka mpaka naumwa mbavu, na leo nakiri kwamba nilikuwa nacheka zaidi ya kilichochekesha.

Basi nikanunua kigari cha bei rahisi, kilori tu, nikaweka meza karibu na dirisha la chumba cha uani, na kila jioni nikitoka dukani tunakaa. Kazi yangu unaijua, kutwa nzima nachonga vioo vya miwani viingie kwenye fremu, kwa hiyo macho yanakuwa yamechoka, lakini nilikaa. Shemeji yako alilalamika harufu ya tina ya kuzimulia rangi, akalalamika msasa kwenye beseni la vyombo, na siku alipokuta gurudumu ndani ya bakuli la sukari alituuliza kama tunataka chai iende yenyewe mezani. Lakini Baba aliacha kukwangua kuta. Mikono yake, kaka, ungeiona. Mtu ambaye asubuhi hakujua leo ni siku gani anashika kibano, anachukua kitasa cha mlango kidogo kuliko punje ya mchele, na anakiweka mahali pake bila kutetemeka. Rangi anapuliza nyepesi nyepesi, anangoja, anapuliza tena. Anagusa bodi kwa mgongo wa kidole, kama zamani, kutafuta vumbi.

Tulimaliza kilori, tukamaliza na kigari kingine cha mizigo. Halafu akaanza kuulizia boksi lako.

Nadhani hukujua kama bado lipo. Lipo. Lile ulilonunua kwa mshahara wako wa kwanza, lenye kigari cha saluni cha milango minne, ili wewe na Baba mkiunde pamoja siku ya mapumziko ambayo haikufika. Uliliacha juu ya kabati, na juu ya kabati likabaki na nailoni yake, halijafunguliwa. Baba alikataza mtu yeyote asiliguse. Tulipohama nyumba alilibeba mwenyewe mapajani, akaacha televisheni ipande na watu wa mizigo. Kila nilipomwambia tulifungue, alisema hilo ni la Chapu na litafunguliwa Chapu akirudi.

Sasa nakuambia: boksi limefunguliwa. Kigari kimeundwa karibu chote. Ni chekundu, ile nyekundu ya giza uliyoichagua wewe mwenyewe, kopo la rangi uliliweka kwenye mfuko mmoja na boksi na tulilikuta limekauka, ikabidi Baba anifundishe kuchanganya nyingine. Chini ya boneti kuna injini yenye mikanda yake, viti tumevipaka rangi ya ngozi, na dashibodi ina saa ambazo huwezi kuzisoma bila lenzi niliyoiazima kazini. Sijawahi kushika kitu kizuri hivyo. Na kilikuwa chako.

Ungeuliza, na ni haki yako, kama Baba aliruhusu. Aliruhusu. Hapo ndipo kalamu ilipokuwa ikikwama kila nilipoianza barua hii, kwa sababu nikiishia hapo nitakuwa sijasema uongo, na utaamini, na utanishukuru. Baba aliruhusu boksi lifunguliwe. Sijakuambia alimruhusu nani.

Mvua ilikuwa inanyesha siku ile, na asubuhi nilikuwa nimevaa koti lako la kahawia uliloliacha ulipoondoka, lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango, kwa sababu langu lilikuwa limefuliwa. Nikarudi nimelowa. Nikafungua mlango, Baba akanitazama kutoka kwenye kiti chake, na uso wake ukafunguka namna ambayo sijawahi kuuona ukifunguka kwa ajili yangu. Akasema, Chapu, umekuja, nilijua tu utakuja, haya shusha boksi.

Sentensi ya kumjibu ilikuwa fupi. Ni mimi, Baba, ni Taratibu. Nilishawahi kumwambia hivyo siku nyingine alipochanganya majina, na kila mara alikuwa anaomba radhi kwa aibu na kunyamaza jioni nzima. Siku hiyo sikumwambia. Nilisema, nimekuja, Baba, nikavuta kiti, nikapanda, nikalishusha boksi juu ya kabati.

Unaweza kuniambia nilimhurumia. Shemeji yako aliniambia hivyo siku ya kwanza. Lakini kesho yake mvua haikunyesha, jua lilikuwa kali, na nilivaa koti. Nililivaa na keshokutwa yake. Nilikuwa nikitoka dukani nikiwa mimi, nikifika kwenye kona ya nyumba nalivaa, naingia nikiwa wewe. Nilikuwa natembea kama wewe, nakohoa kama wewe, na siku moja nilipiga mluzi, mimi ambaye sijui kupiga mluzi. Shemeji yako akaacha kucheka. Akaniuliza, huyo Chapu wa kweli akija utamwambia nini. Nikamjibu hawezi kuja. Wiki hiyohiyo ikaja barua yako.

Ningeacha hapo ingekuwa afadhali. Lakini boksi lilikuwa limefunguliwa na Baba alikuwa na furaha, nami niliendelea, mpaka tukafika kwenye vioo.

Nilikuwa nimeshika kioo cha mbele kwa kibano, nakisafisha kwa kitambaa, polepole, kama ninavyosafisha vyote maishani. Nikaona Baba ameacha kazi yake ananitazama mikono. Akasema mikono hii ina subira sana. Akasema Chapu hakuwahi kusafisha kioo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejikuta chumba kimoja na mgeni, wewe ni nani.

Kaka, ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, na niliijua. Kwenye droo kulikuwa na gundi nyeupe, na pembeni yake supagluu. Sikukosea. Hata mtoto anayeunda kigari chake cha kwanza akishaonywa mara moja hakosei. Nilichukua supagluu, nikaweka tone kila kona, nikabandika kioo na kukibana kwa vidole. Nikangoja. Ukungu ukaja, ukaanzia pembeni, ukatambaa kuelekea katikati, mweupe, kama ulivyokuwa unakuja kwenye vya kwako. Nilikiharibu kigari chako makusudi, ili nifanane na wewe.

Baba alikiinua kwenye mwanga. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Akasema Chapu ni Chapu tu, dereva wa gari hili yuko kwenye mvua. Akanishika mkono na hakuuachia. Na hapo, akiwa ameushika, akayasema yale ambayo wewe umeyangoja miaka yote hii.

Nitayaandika yote, sitapunguza neno. Alisema lile gari la harusi, jeupe, la yule mwenye duka la dawa, lililotoka na michirizi mlangoni kama linalia, halikuharibiwa na haraka yako. Alisema wewe ulipuliza tu, rangi aliichanganya yeye. Alizidisha tina, mawazo yake yalikuwa kwa Mama aliyekuwa ameanza kuumwa. Alijua pale pale, alipoona inatiririka. Lakini mwenye gari alikuwa amesimama, mafundi wote wamesimama, na jina la gereji lilikuwa lake. Ndipo akakugeukia wewe mbele ya watu na kukuambia mkono wako hauna adabu, toka, usirudi mpaka ujifunze kungoja. Alisema alidhani ungerudi jioni ya siku hiyo na angekuambia kando. Alisema kila jioni tangu hapo alikuwa anajiambia kesho. Alisema, nisamehe, mwanangu, nilikuvika kosa langu.

Alikuwa analia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata Mama alipofariki alitoka nje. Na mimi, niliyevaa koti lako, nikamjibu kwa niaba yako. Nikasema yamekwisha, Baba.

Sijui kama yamekwisha. Hayakuwa yangu kuyamaliza. Labda wewe ulitaka kumsamehe, labda ulitaka kumwacha aumie kwanza, labda ulikuwa na maneno yako uliyoyafanyia mazoezi ndani ya lori, barabara nzima. Nimekuchukulia yote mawili, radhi aliyokuomba na jibu lako. Na siwezi kukurudishia, kwa sababu siku iliyofuata nilimgusia habari ya gari jeupe na akaniuliza gari jeupe lipi. Aliutua ule mzigo na akaondoka, hakumbuki hata alikuwa ameubeba. Ukija hutasikia tena maneno yale kutoka kwake. Utakuwa nayo kwenye barua hii tu, kwa mwandiko wangu, na mimi ndiye mtu wa mwisho unayepaswa kumwamini. Lakini ni kweli, kaka. Hukuharibu lile gari. Ulikuwa fundi mzuri.

Natamani barua iishe hapa, ila nimekuahidi yote. Juzi, tukiwa tumekaa na kigari katikati yetu, nikaingiwa na tamaa. Nilijiambia, kama Baba anaweza kumfungukia Chapu hivi, atasema nini kuhusu yule mwingine, aliyebaki, anayemkata kucha na kumfungia vifungo vya shati? Nilitaka kusifiwa, sina haja ya kuficha. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za kawaida tu, na mdogo wangu je, Taratibu?

Baba akageuza uso kuelekea getini. Akasema huyo alituacha. Aliondoka zamani, hata kwa heri hakuaga, na sijui nilimfanyia nini.

Ningesema nini, na nani angekuwa anasema? Kama mimi ni wewe, basi mimi siko. Nilijitoa mwenyewe ndani ya nyumba ile, jioni baada ya jioni, na Baba alichofanya ni kuhesabu watoto wake na kukuta mmoja hayupo. Akaendelea kusema ana neno la kumwambia Taratibu, neno ambalo alipaswa kumwambia tangu akiwa mdogo. Nikamwuliza ni neno gani. Akanipiga kofi dogo la mkononi, lile la kutania, akasema haraka yako hiyo, Chapu, si lako, ni lake.

Tangu siku hiyo amegeuza kiti. Anakaa anatazama geti. Anamngoja Taratibu, nami napita kwenye geti hilo hilo kila jioni na ananisalimia kwa jina lako. Jana nilivua koti nikaliacha kazini. Nikaingia na shati langu, nikasimama mbele yake, nikamwambia Baba, ni mimi, Taratibu. Alinitazama kwa huruma. Akasema, Chapu, mambo hayo si ya kutania.

Kwa hiyo nakuomba msamaha, na wakati huohuo nakuomba hisani, na najua mtu mwenye adabu angeomba kimoja kwanza akangoja. Njoo. Njoo hata kama umenikasirikia, nitakupisha chumba, nitakaa kwa jirani ukitaka. Ukifika getini, kuna uwezekano mkubwa Baba atanyanyuka na kukuita kwa jina langu. Atakuwa amefurahi. Nakuomba uitike. Usimsahihishe, usimcheke. Kaa naye, mpe mkono, na atakapokuambia lile neno, lisikilize vizuri, halafu uje uniambie lote kama nilivyokuambia lako. Usinipunguzie hata kama ni baya.

Kigari tumekiacha bila vioo viwili vya pembeni. Bado vipo kwenye fremu, sijavikata, na gundi nyeupe nimekuwekea mezani. Cha mbele siwezi kukisafisha, nimejaribu.

Shemeji yako anasema ukija usinunue chochote, njoo na afya yako. Wanao wanauliza kama kweli lori lako lina kitanda ndani. Wasalimie wenzako wote wa kazini, wale ninaowajua kwa majina ya utani tu, na uendeshe kwa uangalifu, hasa mvua ikinyesha.

Ni mimi mdogo wako, nakutajia jina langu kwa kuwa hapa nyumbani halina mtu kwa sasa,

Taratibu